Kikombe cha Baba Kilichopungua

Mtaa wa Dolores,
Carson, California.
9 Novemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Sidro,

Pokea salamu kutoka kwa dada yako, nyingi kuliko samaki wanaopita mikononi mwako kwa siku nzima. U hali gani huko Kodiak? Mikono imepona zile nyufa za baridi, au bado unajifanya jabali hutaki kupaka mafuta? Nenita hajambo? Na Amihan, bado anakataa kuvaa soksi? Mwambie shangazi yake anasema mguu wa mtoto wa Carson unaweza kukaa wazi mwaka mzima, lakini wa mtoto wa Kodiak hauwezi, asibishane na theluji.

Sisi huku ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Rogelio mgongo unamsumbua, ila ukimsikia shemeji yako anavyoimba bafuni huwezi kuamini. Mndimu wa Baba umezaa mpaka matawi yameinama, na Bi Sefina wa nyumba ya pili anaingia na ndoo yake bila hata kupiga hodi, kama kawaida yake. Mama nitamfikia.

Pamoja na barua hii kuna boksi. Nakujua, pengine umeshalichana. Kama bado, liweke chini, ukae, usome kwanza. Na usinipigie simu kabla hujafika mwisho. Ukinipigia utaanza mizaha yako, mimi nitacheka, na nililokusudia kusema litabaki kooni. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye hata kadi za Krismasi humwachia Rogelio aziandike.

Nakuandikia habari za Mama na kikombe cha Baba. Kilipasuka mwezi wa nane, na kilipopasuka, Mama naye ni kama aliamua kumfuata mumewe. Sikukwambia kwa simu kwa sababu Mama alikuwa hatoki sebuleni, masikio wazi. Tena ungefanya nini, nawe uko kisiwani, ndege zenyewe zinaruka zikitaka? Tuliliona hilo Januari. Baba tulimzika wewe ukiwa umekaa uwanja wa ndege na begi lako, dhoruba imefunga anga. Hakuna mtu hapa anayekulaumu, Sidro. Nalisema tena kwa maandishi ili uweze kulisoma kila unapoanza kujilaumu mwenyewe.

Unazikumbuka Jumamosi zetu za gereji. Gari halikuwahi kulala mle hata siku moja, lilikuwa linapigwa jua nje, na ndani kulikuwa na tanuri la umeme, ndoo za uji wa udongo, na Baba na aproni yake ya baa. Wiki nzima alikuwa akiwachanganyia watu ramu kule Long Beach, chini ya makuti yaliyopigiliwa ndani ya nyumba na taa zilizotengenezwa kwa samaki waliovimba, kwenye vikombe vya tiki, vile vya udongo vyenye sura za miungu wakali wa visiwa vya Pasifiki. Akirudi nyumbani anataka kutengeneza vya kwake. Vya kwanza vilikuwa macho makubwa na meno nje, kama alivyoviona kazini.

Mpaka siku Bi Sefina alipokuja kuchukua ndimu, akakiinua kimoja, akakitazama kwa jicho lake lile la Kisamoa lisilomficha mtu kitu. "Doro," alimwambia Baba, "huyu unasema ni mungu wa wapi? Kwetu hatumjui. Huyu ni wewe ukiwa na njaa." Mama alicheka mpaka akaangusha sifongo. Baba naye alicheka, lakini tangu siku ile hakuchonga tena miungu ya watu. Akaanza kutuchonga sisi.

Mimi alinipa nyusi za mtu anayetafuta ugomvi. Wewe alikuchonga mdomo wazi, kwa sababu ulikuwa hujawahi kushiba. Mama alimchonga amefumba macho, kama anavyokuwa akisali, na Mama akalalamika kwamba anaonekana amelala ibadani. Kazi zetu zilijulikana: Baba anachonga na kutengeneza kalibu ya plasta, mimi namimina uji wa udongo ndani yake, Mama anafuta kwa sifongo mishono iliyoachwa na nusu mbili za kalibu, na wewe ndiye mtu wa nyundo.

Nyundo ndiyo iliyokuwa ikikufanya uamke mapema Jumamosi. Vikombe vikishatoka tanurini salama, kalibu inavunjwa, isizae tena. Watengenezaji wa tiki ndivyo wanavyofanya, ili anayekishika kikombe ajue ndugu zake ni hao tu. Lakini Baba aliligeuza jambo hilo kuwa sherehe. Mama anapika tambi, Rogelio wa siku hizo za uchumba analetewa kiti, wewe unapandishwa juu ya kreti la soda na unapewa nyundo ya watu wazima. Ulikuwa ukifumba macho kila ulipopiga. Ulipokua ukawa na ndevu, bado ulikuwa ukiyafumba.

Kikombe chenye sura yake mwenyewe Baba alikichonga wewe ukiwa umeshahamia Kodiak, mikono yake imeanza kutetemeka. Alijiwekea kile kioo kidogo cha Mama mbele yake. Kisu kilikuwa kikimteleza, na kila kilipoteleza kiliacha mkunjo. Mama alisema ndiyo sura yake hasa, kwa sababu safari hii mkono umekataa kumpamba. Vilitoka vitatu. Kimoja cha Mama, kimoja changu, kimoja chako. Chini ya kila kimoja alikwaruza jina la mwenyewe kwa msumari kabla udongo haujakauka.

Kalibu ile aliivunja mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akakataa, akasema kazi hii ni ya Sidro, na kama Sidro hayupo basi ni ya mwenye uso. Alipiga, haikuvunjika. Akapiga tena. Mimi na Mama tukawa tunatazama mndimu nje, tunazungumza habari za ndimu.

Sasa nifike kwa Mama. Baada ya siku tisa za sala za kumwombea Baba, watu walipoondoka na viti vya kukodi vikarudi, mimi na Rogelio tulibaki hapa kuishi naye, na Mama alianza kunywa chai ya tangawizi kwenye kikombe chake cha Baba. Kila asubuhi, chai inayotoka jikoni ikichemka. Nawe unajua Baba alivyotuimbia wimbo huo tangu utoto: kikombe cha tiki ni cha barafu. Udongo wake umechomwa kwa moto mdogo, na ile rangi ya juu inayong'aa kama kioo haipatani na maji ya moto. Kwa hiyo nami nikafungua mdomo wangu.

"Mama, hicho ni cha barafu. Baba alisema."

"Baba yako alisema mengi," akanijibu, akaendelea kupuliza chai yake. Kisha akaongeza, bila kunitazama: "Uso wake nilipoushika pale hospitali ulikuwa wa baridi, Leonila. Mimi siutaki wa baridi."

Mdogo wangu, ungejibu nini? Tangu siku hiyo nikawa nachemsha maji mwenyewe, na namimina mwenyewe, naye anakizungushia viganja vyote viwili na kufumba macho, sawasawa na alivyochongwa. Kwa nusu saa nyumba ilikuwa na amani.

Nyufa zilikuja pole pole, nyembamba kama nywele. Kufika mwezi wa sita chai ikawa inapenya, kikombe kinatoka jasho. Mama akakiwekea kisahani. Akamwambia Bi Sefina kwamba mzee anatoka jasho kama zamani alipokuwa akikaanga samaki, wakacheka wote wawili, na mimi niliyejua maana ya jasho lile nikacheka pia. Kuna wakati mtu anaona gari linakuja na hapati mguu wa kukimbilia.

Asubuhi ile ya mwezi wa nane nilikuwa nakaanga wali na vitunguu saumu. Nikasikia mlio mdogo tu, kama kidole kinapogongwa kwenye dirisha. Nilipogeuka, chai ilikuwa imejaa mezani na mapajani mwa Mama, naye amekaa vile vile, nusu ya uso wa Baba kiganja hiki na nusu kiganja hiki. Ulipasuka toka paji la uso hadi kidevuni. Nilimkimbilia na kitambaa cha maji baridi, nikamwinulia nguo, nashukuru hakuungua sana. Lakini hata hakuonekana kusikia maumivu. Alisema neno moja, "Nimemvunja," kisha akaenda chumbani na vile vipande viwili.

Chai hakunywa tena. Baadaye wali ukawa mwingi, akawa anakula vijiko viwili vitatu na kusukuma sahani. Baadaye hata kuja mezani ikawa kazi. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha Baba, ameelekea mlango wa gereji, na ukimwuliza anataka nini anasema hataki kitu, ameshiba. Ameshiba nini? Nguo zilimning'inia. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa, ila ale. Kana kwamba hilo sisi hatukulijua. Bi Sefina alileta supu yake ya samaki na tui, akakaa naye akimtania, na alipotoka alisimama nami uani akafuta macho kwa pindo la gauni. Aliniambia nikuite. Nilimwambia tusubiri kidogo.

Rogelio aliunga vile vipande kwa gundi. Vilishikana, lakini kikombe cha gundi hakinyweki chai, na Mama alikitazama kama mtu anayetazama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Nikamletea changu. Nilikiosha, nikakifuta, nikakiweka mbele yake. Alikichukua, akakigeuza, akanionyesha chini yake.

"Soma," alisema.

"Leonila," nikasoma.

"Basi. Wewe alikupa chako, na mimi alinipa changu. Changu nimekivunja."

Ukaidi wa mama yetu unaujua. Hapo hata padri asingeingia kati.

Basi nikafungua gereji. Ilikuwa haijafunguliwa tangu Januari, na harufu yake ya plasta na unyevu ilinipiga kifuani, nikakaa kwanza juu ya kreti lako. Nilikuwa nimeamua kutengeneza kalibu mpya kwa kukizungushia plasta kikombe changu, nimtolee Mama kingine, safari hii kwa ule udongo mwingine wa moto mkali, unaovumilia chai. Chako nilikifikiria, lakini posta ikikivunja tungebaki na kimoja tu.

Udongo una tabia yake, unaijua. Ukikauka hunywea, na ukichomwa hunywea tena. Ndiyo maana Baba alikuwa akichonga kichwa kikubwa kuliko kikombe alichokitaka. Ukitengeneza kalibu kwa kikombe kilichokwisha kuchomwa, utakachopata ni kidogo kuliko kile cha kwanza, na ule udongo wa moto mkali ndio unaonywea zaidi. Kwa hiyo kila nilivyotaka kikombe kisiogope chai, ndivyo uso wa Baba ulivyozidi kupungua. Nilijua. Nilijiambia macho ya Mama ni ya uzee, hayataona.

Na kosa la pili hilo sikulijua. Chini ya mdomo, pale kisu kilipomteleza Baba, kuna shimo lililoingia ndani. Plasta iliingia humo ikauma. Nusu ya nyuma ya kalibu ilitoka vizuri, ya mbele ikakataa ng'o. Rogelio akagonga taratibu, nami nikavuta taratibu, tukasubiri, tukavuta tena. Kikombe kilikatika mikononi mwangu. Nilitoa vipande kimoja kimoja kwa ncha ya kisu ili nisiharibu kalibu. Kipande chenye jina langu kilitoka kizima. Nililia, Sidro, nimekaa sakafuni na plasta kwenye nywele, na Rogelio wako yule asiyekosa la kuchekesha alikaa karibu yangu akaanza kuitoa kipande kimoja kimoja.

Lakini kalibu ilipona. Nilimimina uji, nikamwaga uliozidi, nikafuta mishono mwenyewe kwa sifongo ya Mama, vibaya. Viwili vilianguka kabla ya kukauka, kimoja kilipasukia tanurini. Viwili vilitoka vizima. Nilipoviweka karibu na kile cha gundi, kichwa cha vipya kilifika kwenye nyusi za kile cha zamani. Hakuna uzee wa macho ambao usingeliona hilo. Nilitamani kuvitupa. Rogelio akasema, "Mpelekee. Hata akikasirika, kukasirika ni kitu."

Nilimpelekea asubuhi, nikampa mkononi. Kile cha zamani vidole vyake vilikuwa havikutani akikizungushia viganja. Sasa vidole vilikutana, vikapandana. Akapitisha kidole gumba kwenye mikunjo ya paji la uso, mmoja mmoja.

"Amepungua," alisema.

Nikaanza kujieleza, mara udongo, mara moto, mara plasta. Akanigusa mkono ninyamaze.

"Ndivyo alivyokuwa mwishoni. Wewe ulikuwa unakuja mchana, ukimkuta ameshavalishwa, hukuona. Mwanamume aliyekuwa akinibeba mimi ngazini kwa mzaha, Desemba nilikuwa namwinua kitandani peke yangu. Mikono yangu ilikuwa inakutana mgongoni kwake." Akakigeuza kikombe mkononi. "Hukumkosea. Huyu ndiye niliyemzoea."

Kisha akaniambia nichemshe maji.

Nilimimina kidogo kidogo. Nilisimama hapo nikisubiri ule mlio mdogo. Haukuja. Mama akakizungushia viganja, akafumba macho, akanywa, na baada ya muda akauliza kama mkate wa jana umebaki. Mimi nikaingia stoo ya chakula nikajifungia. Sikujua kama mtu anaweza kulia hivyo kwa ajili ya mkate.

Sasa anakula. Si kama zamani, lakini anakula, na anamgombeza Rogelio kwa kuacha taa. Hata hivyo sitakudanganya, mdogo wangu. Hakurudi mahali alipokuwa. Naye amepungua, na ninapomwogesha nahesabu mifupa bila kupenda.

Linabaki la kikombe cha pili, na hapa nitasema kweli kama ilivyo. Nilikuwa nimejiwekea mimi. Changu kimekufa kwenye plasta, niliona ni haki yangu, na nilishakipangia mahali dirishani. Mama akakiona akauliza ni cha nani. Kabla sijajibu akasema ni cha Amihan.

Niliumia. Nilimwambia Mama, mimi ndiye niliyevunja changu kwa ajili yako. Akasema anajua. Akasema, "Wewe ulimwosha. Ulimfunga vifungo vya shati la mwisho. Yule mtoto hajawahi hata kumgusa." Nilitoka nikaenda kuchuma ndimu zisizohitajika. Niliporudi nilikuwa bado nimekasirika, lakini nilikuwa nimeshaanza kutafuta boksi.

Sasa unaweza kulifungua. Taratibu, nimekizungushia soksi za Baba za sufu, nazo ni zako. Usimpe Amihan mara moja kama unayempa mdoli. Kwanza mfanye amwamkie babu yake: gusisha paji la uso la kikombe kwenye paji lake la uso, kama sisi tulivyokuwa tukichukua mkono wa mkubwa na kuuweka kwenye paji la uso. Huyu hana mkono, uso utatosha. Maziwa ya moto anaweza kutiliwa, hakitapasuka. Chako lakini, Sidro, chako kikubwa, usije ukatia kitu cha moto hata siku moja, hata Nenita akikusihi. Ni hicho tu kilichobaki kizima duniani cha kimo chake. Tia barafu na ramu, kaa nacho.

La mwisho ni hili. Mama alikumbuka kalibu. Jumapili moja alisema vikombe vimetoka salama, desturi ni desturi, akapika tambi kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaniamuru nilete nyundo. Kalibu ina nusu mbili. Nusu ya nyuma, kisogo, niliipiga ikapasuka bila shida. Nusu ya mbele niliilaza kwenye meza ya Baba, nikainua nyundo.

Hujawahi kuitazama kwa utulivu, ulikuwa unafumba macho. Uso umo ndani, umebonyea, pua iko shimoni, kila kitu kinyume. Lakini mwanga wa mlangoni ukiingia, jicho linadanganyika, unaona kama uso umetokeza, na ukienda kushoto unageuka nawe, ukienda kulia unageuka nawe. Baba alinitazama. Nikasogea, akanitazama. Mkono ukabaki juu.

Mama alikuja akaichukua nyundo mkononi mwangu. Nilidhani atapiga yeye. Akaifunga kwenye aproni ya Baba, akaiweka rafuni. "Mwenye nyundo yuko Kodiak," alisema. "Hii ataipiga yeye. Hakumzika baba yake. Huku ndiko atakakomzikia." Kisha akarudi kula tambi zake.

Kwa hiyo tunakusubiri. Mama ananiuliza kila Jumapili kama umesema lini, na namwona anavyojikaza ili akuone. Njoo na Nenita na mtoto, njoo mapema mwakani bahari na anga vikituliza hasira, usingoje likizo ndefu, kwa sababu Mama haongezeki. Ukija utasimama pale gerejini, na safari hii naomba usifumbe macho. Mtazame kwanza.

Nami mdogo wangu nakuita kwa moyo wote, nikijua kwamba ukishaipiga nitakuwa sina tena uso wake. Kila asubuhi, Mama akiwa na chai yake, mimi naingia gerejini, nafungua mlango mwanga uingie, napita mbele ya meza kwenda na kurudi. Ni shimo tu pale alipokuwa, Sidro, yeye mwenyewe hayumo. Lakini ananifuata kwa macho. Njoo. Ila ukichelewa wiki moja, mimi sitakugombeza.

Nisalimie Nenita, mwambie mapishi yake ya mwani nimeyajaribu na Rogelio bado yu hai. Mbusu Amihan miguu yote miwili, yenye soksi na isiyo na soksi. Bi Sefina anakusalimu na anasema mdomo wako wa kikombe bado uko wazi, hujashiba tu. Rogelio anakusalimu. Mama anakuwekea mkono kichwani kwa mbali, na anaomba Mungu akufungulie anga.

Nami nakuombea njia nyeupe, mikono isiyopasuka, na nyumba yenye joto.

Ni mimi dada yako, mwenye nyusi za ugomvi na moyo usio na ugomvi nawe,

Leonila